Mjomba, Usimcheke

Mnamjua huyo mtoto. Juzijuzi alikuwa anakimbizwa kuoga. Sasa anapiga pasi shati lake mwenyewe, anajipaka mafuta mpaka magoti yanang'aa, na shule ya Jumapili hakosi. Wazazi wanasema Roho amemgusa. Yawezekana. Lakini angalieni anapokaa: upande ule ambako waimbaji wa sauti ya kwanza wanaonekana vizuri.

Jumapili moja anajinyima maandazi, ananunua ubuyu, anamkabidhi binti mmoja wa sauti ya kwanza huku akitazama chini. Ibada ikiisha anamkuta chini ya mwembe na kijana mwingine, wanachovya mkono katika kimfuko kilekile, vidole vyekundu, wanacheka. Hakuna aliyemkosea, na ndiyo maana inauma: hana wa kumshtaki.

Nyumbani hagusi chakula. Mjomba akigundua sababu, sebule nzima inaangua kicheko. "Hata ndevu huna!"

Dante Alighieri, mshairi wa Florence nchini Italia, naye hakuwa na ndevu. Mwaka 1274, akikaribia kutimiza miaka 9, alimwona Beatrice, msichana wa rika lake, moyo ukatekwa. Walipokua, salamu ya Beatrice tu ilimtosha. Siku moja, kwa sababu ya maneno ya watu, Beatrice akampita bila kumsalimu. Dante mwenyewe anasimulia kwamba alijifungia chumbani akalia mpaka usingizi ukamchukua, kama mtoto aliyechapwa. Beatrice aliolewa na mwingine, akafariki mwaka 1290. Baadaye, katika shairi lake kuu, Dante alimfanya huyohuyo kuwa kiongozi wake huko mbinguni.

Sisemi kila mnunua ubuyu atakuwa mshairi. Wengine watakuwa mafundi wa gereji, na magari yetu yanawahitaji. Ila mtoto huyo ametoa alichokuwa nacho kwa mtu asiyemdai chochote, na hakurudishiwa kitu. Sisi tunalihubiri jambo hilo kila wiki. Yeye amelionja, halafu tunamcheka.

Kicheko hicho kina gharama. Anaambiwa mwanaume halii, wakati Mwanzo 29 inamwonyesha Yakobo akilia waziwazi kisimani, Raheli yupo. Basi machozi anayameza, yanageuka hasira, na hasira hiyo huja kumwangukia mwanamke. Nimekaa na wanandoa ambao mume, mtu mzima mwenye wajukuu, akikataliwa jambo dogo ananuna wiki nzima, au anainua mkono. Huwa najiuliza alipokataliwa mara ya kwanza nani aliketi naye.

Kwa hiyo, baba, mwite mtoto mkatengeneze banda la kuku. Usimhoji. Akifungua kinywa, msikilize mpaka amalize, kisha mwambie binti hana kosa, wala yeye hana, na Jumapili ijayo amsalimie kama kawaida. Mjomba atafutiwe kazi nyingine, mbali na banda.