Usichemshe Jiwe la Matumbawe

Mwaka 2007, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mtu mmoja mwenye tangi la maji ya bahari nyumbani kwake aliona mawe yake yamevamiwa na viumbe vya kahawia. Hakuyanunua mawe kwa ajili ya viumbe hao. Walikuja wamejibanza humo. Walikuwa zoantidi, jamaa wa anemoni na matumbawe: kila mmoja mfano wa kitufe cha nyama chenye vijimkono pembeni, wote wameshikana na kutandaa juu ya jiwe. Zoantidi huongezeka kwa kuchipua ubavuni, na wasipozuiwa huyafunika matumbawe aliyoyagharimia mwenye tangi, yakakosa mwanga na kufa.

Akaamua kuwaua kwa maji yanayochemka. Simlaumu hata kidogo. Maji ya kunywa tunachemsha, chupa ya mtoto tunachemsha, kitambaa cha kidonda tunachemsha. Tangu utotoni tumefunzwa kwamba moto humaliza uchafu. Aliuvuta mvuke uliopanda, pua ikaanza kuchuruzika, kikohozi kikamshika bila kumwachia, kifua kikabana, akaishia hospitalini.

Viumbe wale walikuwa wa jenasi ya Palythoa, na ndani yao mlikuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazojulikana. Richard Moore na Paul Scheuer waliieleza mwaka 1971, baada ya kuitenga kutoka kwa zoantidi wa Hawaii, mahali ambapo wenyeji walikuwa wakiijua zamani na kuliogopa dimbwi walimoishi viumbe hao. Kila seli ya mwili ina pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Palitoksini huing'ang'ania pampu hiyo na kuifanya tundu lisilozibika, chumvi zikapita ovyo, misuli, mishipa na moyo vikataabika. Kuchemka hakuivunji. Moto huipandisha hewani tu pamoja na matone madogo ya maji, ikaingia moja kwa moja mapafuni.

Wala si sufuria pekee yenye hatari. Kusugua jiwe kwa brashi, kulikwangua likiwa kavu au kulipiga kwa maji ya kasi huirusha hewani sumu ile ile. Mwaka 2018, huko Steventon nchini Uingereza, usafishaji wa tangi la nyumbani ulipeleka watu kadhaa hospitalini, wazima moto wakiwamo. Tatizo ni kwamba macho hayasaidii: watafiti waliochukua zoantidi kutoka maduka ya Marekani walikuta wengine wamejaa sumu na wengine hawana, ilhali muuzaji huwapanga rafu moja. Naona ni haki ya mnunuzi kuambiwa hilo kabla hajatoa pesa.

Basi anayetaka kuwaondoa alitoe jiwe zima, wala asijaribu kuwabandua wakiwa tangini. Avae glavu ndefu na miwani ya kukinga macho; mkono wenye mchubuko usiguse kabisa, na watoto na wanyama wakae mbali. Jiwe lichukuliwe likiwa bado limezama katika ndoo ya maji ya tangi, lipelekwe nje penye upepo. Maji hayo yamwagwe taratibu kwenye ndoo nyingine, kisha jiwe lifunikwe kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji safi, likae nusu saa au zaidi. Klorini ya jiki huiharibu sumu hii, kazi ambayo moto hauiwezi. Ndoo ya pili, glavu na vyombo navyo vipate jiki. Wafugaji wa samaki wa bahari hupenda siki kwa kung'arisha vioo na pampu, lakini siki isikutane na jiki, maana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Na kama jiwe lenyewe si la thamani, baada ya kulowekwa lifungwe kwenye mfuko na kutupwa na taka. Lisirudishwe baharini.

Akianza kuhisi ladha ya chuma mdomoni, homa, macho kuwasha au pumzi kukatika, atoke chumbani na awatoe wenzake, kisha aende hospitali bila kungoja kupambazuke. Dalili hizo zinafanana na mafua makali, na dawa maalumu ya kuizimua sumu hakuna. Daktari huusaidia mwili upumue na moyo uende. Amwambie mapema kwamba alikuwa akishika zoantidi, na alitaje jina palitoksini, akiweza aliandike kwenye karatasi.