Madaraka ni Azima

Mtu akiazima jembe kwa jirani, hakuna anayeshangaa jirani yule akija jioni kuuliza jembe liko wapi, wala hakuna atakayemwita mchochezi. Jembe ni lake. Aliyelichukua amepewa ruhusa ya kulitumia, na ruhusa hiyo ina masharti yasiyoandikwa popote ila yajulikanayo na wote: mpini usivunjwe kwa uzembe, jembe lisiazimwe tena kwa mtu wa tatu bila ya mwenyewe kujua, na mwisho lirudi. Lakini mtu akipewa jembe kuwa ni zawadi, mambo ni mengine. Anaweza kulifua likawa shoka, au akaliacha lioze kwa kutu nyuma ya nyumba, na aliyelitoa hana neno. Swali tunalotaka kulitazama hapa ni hili: madaraka ambayo wananchi huwapa viongozi wao, je, ni zawadi au ni azima?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Kila serikali mpya inapoingia kazini huletewa orodha ndefu ya mambo ya kurekebisha katika Katiba: muundo wa Muungano, uwezo wa Rais, tume ya uchaguzi, idadi ya mawaziri, na mengineyo. Kila jambo katika orodha hiyo lina watetezi wake, na wengi wao ni watu wenye busara. Hata hivyo twaona kwamba hakuna awezaye kusema kwa haki lipi litangulie na lipi lifuate, kabla hajaamua kwanza jambo hilo la jembe.

Kwa maneno, Katiba yetu ya mwaka 1977 imekwisha kujibu. Ibara yake ya 8 yasema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao na itawajibika kwao. Huo ni mkataba wa azima, tena ulio wazi kabisa. Lakini mwanafunzi akiendelea kusoma hadi ibara ya 41, kijifungu cha 7, atakuta kwamba mtu akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye uwezo wa kuchunguza kuchaguliwa kwake. Hapa mkataba umegeuka kuwa wa zawadi: mwenye jembe haruhusiwi hata kuuliza kama ni yeye kweli aliyelitoa. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika ambao nchi yetu imeukubali. Mwalimu wa Uraia atakayeulizwa na kijana wa kidato cha tatu ni ibara ipi kati ya hizo mbili iaminiwe, atakuwa ameulizwa swali la maadili, si la mtihani tu.

Tuiache Dodoma kidogo, twende Kitandililo. Hii ni kata ya wakulima iliyo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe. Nchi ya Wabena, nchi ya baridi na mahindi na viazi, na, tuseme kweli, ya ulanzi pia majira yake yakifika. Wasafiri wengi waijua Makambako kwa sababu ya stesheni ya TAZARA na njia panda ya kwenda Songea, nao hupita bila kugeuza shingo. Hatuitaji Kitandililo kwa kuwa ina jambo la ajabu lisilopatikana kwingine. Twaitaja kwa sababu mkulima wa huko, kama mkulima wa kijiji chochote cha Tanzania Bara, ana haki moja ambayo mpiga kura wa taifa zima hana.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 yasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Mkutano huo ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji. Tena, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, mkutano huohuo unaweza kumwondoa mjumbe mmoja wa halmashauri, au kuwaondoa wote. Hausubiri miaka mitano. Kadhalika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri kugawa ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu haujakubali. Na katika mkoa kama Njombe, ambako wageni wenye fedha hutafuta mashamba ya kupanda miti ya mbao, katazo hilo si pambo la karatasi. Bibi wa miaka 70 aweza kusimama katikati ya mkutano akauliza mifuko ya saruji ya darasa ilikwenda wapi, na mwenyekiti, awe na ukoo mkubwa namna gani, hana budi kuvua kofia na kusema, "Bibi, nakujibu."

Hatutaki kuupamba ukweli. Katika vijiji vingi vya nchi yetu mkutano unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu haukai, au wakikaa hukaa wachache, wengine wakiwa shambani na wengine wakiwa wamechoka kusikia ahadi zilezile. Pako mahali ambapo mapato na matumizi husomwa haraka kama mtu asomaye sala asiyoiamini. Haki isiyotumiwa hupata kutu, na kwa hilo wananchi nao hawana pa kujificha. Lakini haki iliyopata kutu bado ni haki: mwenyewe akiamua kuinoa, ipo. Haki isiyokuwapo hainoleki.

Bibi yuleyule, siku ya uchaguzi mkuu, hupanga foleni na kumchagua mbunge. Kuanzia jioni ile, mpaka miaka mitano ipite, hana la kufanya. Mbunge aweza kuonekana jimboni au asionekane, aweza kusema Bungeni au akanyamaza kama gogo. Ni jambo la kustaajabisha kwamba tunamwamini mtu amwondoe mwenyekiti anayemjua, anayekutana naye kisimani kila siku, lakini hatumwamini amwondoe mbunge asiyemwona. Busara ya kawaida ingedai kinyume chake: kadiri mwazimwaji anavyokwenda mbali na jembe, ndivyo mwenye jembe anavyohitaji kamba ndefu zaidi ya kumfikia.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoundwa mwaka 2012 chini ya Jaji Joseph Warioba iliyasikia maneno ya namna hii. Tume ilizunguka Bara na Visiwani, watu zaidi ya milioni moja wakahudhuria mikutano yake. Rasimu yake ya pili, iliyotolewa Desemba 2013, iliwapa wapiga kura uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya muda, ikaweka kikomo cha vipindi vitatu vya ubunge, na ikataka mawaziri wasiwe wabunge. Miongoni mwa tunu za taifa iliziweka uadilifu, uwazi na uwajibikaji.

Rasimu hiyo ilipelekwa katika Bunge Maalumu lililokaa Dodoma mwaka 2014. Wajumbe wake walikuwa wabunge wote wa Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na watu 201 walioteuliwa kutoka makundi mbalimbali. Mtu asiyejua siasa angeweza kutabiri yatakayotokea. Uwezo wa kumwondoa mbunge uliondolewa, na walioupigia kura ya kuuondoa wengi wao walikuwa wabunge. Kikomo cha vipindi vitatu nacho kikaenda. Uwazi, uadilifu na uwajibikaji vilitolewa katika orodha ya tunu vikawekwa pengine, miongoni mwa misingi ya utawala bora. Hatusemi kwamba wajumbe hao walikuwa watu wabaya. Twasema kwamba walipewa kazi ambayo hapewi mtu mwema wala mbaya, yaani kuandika masharti ya azima huku jembe wamelishika mkononi.

Wengi walilitazama Bunge lile kama ugomvi wa serikali mbili au tatu, na kwa kweli ndio uliowafanya wajumbe wa upinzani watoke ukumbini Aprili 2014. Waliobaki wakaendelea, wakapata theluthi mbili zilizotakiwa kwa kila upande wa Muungano, baadhi wakipiga kura wakiwa nje ya nchi, na tarehe 2 Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Kura ya maoni ilipangwa iwe tarehe 30 Aprili 2015. Uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika, ikaahirishwa, na haikupigwa tena katika miaka iliyofuata. Sisi watunga mashairi twajua kwamba beti zaweza kutimia vina na mizani, na bado shairi likakosa wa kuliimba.

Hapa yafaa tukumbuke jambo la mwaka 1991. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Karibu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee, na wawili walitaka mabadiliko. Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa. Wako wanaosema mpaka leo kwamba wengi walidharauliwa. Sisi twaona kwamba tume ile ilifahamu maana ya azima kuliko wengi waliokuja baada yake. Madaraka hayakuazimwa na wale wanane peke yao. Kila mmoja katika kumi ametoa sehemu yake. Wengi wana haki ya kuamua nani atawale kipindi hiki, lakini hawana haki ya kuwanyang'anya wachache nafasi ya kuuliza. Ndiyo maana mwaka 2014 hesabu ilitimia na ridhaa ikakosekana.

Zipo hoja nzito dhidi ya maneno yetu. Yasemwa kwamba kiongozi anayeweza kuondolewa wakati wowote atakuwa mwoga. Hatathubutu kuwaambia watu jambo gumu, kama vile kuchangia, kuhama bondeni, au kuacha kufyeka msitu. Yasemwa pia kwamba wenye fedha watakusanya sahihi kwa pilau na khanga. Hoja hizi haziwezi kupuuzwa. Wenzetu wa Kenya waliiandika haki ya kumwondoa mbunge katika Katiba yao ya mwaka 2010, kisha sheria ikaizungushia masharti magumu mno, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikayafuta baadhi ya masharti hayo. Mbunge aliyeondolewa kwa njia hiyo hatujamwona. Basi kuandika peke yake hakutoshi. Lakini woga wa kiongozi una namna mbili. Yuko anayewaogopa waliomtuma, na yuko anayemwogopa aliyemteua. Serikali isiyotaka woga wa kwanza haimfanyi kiongozi kuwa jasiri. Inambadilishia tu bwana.

Wengine hudai kwamba kuruhusu mahakama ichunguze uchaguzi wa Rais ni kuiwasha nchi moto. Tutazame ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama ya Malawi ilibatilisha uchaguzi wa Rais wa mwaka 2019. Ukafanywa mwingine mwezi Juni, aliyekuwa madarakani akashindwa, na madaraka yakakabidhiwa. Nchi ile ni maskini kuliko yetu, wala haikuvunjika. Sisi, ambao mlango huo tumeufunga, tuliona katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 watu wakipoteza maisha, hata Serikali yenyewe ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Hatutangulii kuhukumu. Lakini mtu aliyenyimwa mahali pa kuulizia hataacha kwa hiyo kuwa na swali, atalipeleka barabarani.

Katika kampeni za mwaka huohuo wananchi waliahidiwa kwamba kazi ya Katiba itaanza ndani ya siku 100 za kwanza. Kwa maoni yetu kuna pa kuanzia pasipohitaji ugomvi. Rasimu ya Tume na Katiba Inayopendekezwa, zilizotofautiana kwa mengi, zilikubaliana kwamba uchaguzi wa Rais uweze kupingwa mahakamani na kwamba mgombea huru aruhusiwe. Pande mbili zilizoshindwa kukaa katika ukumbi mmoja zikikubaliana jambo, jambo hilo lisisubiri tena. Muundo wa Muungano ni mzito, nao wahitaji muda wake. Lakini chombo kitakachojadili uwezo wa wabunge, mawaziri na Rais kisijazwe na hao wanaojadiliwa. Wasikilizwe kama mashahidi, na kura zipigwe na wengine, walioahidi kwa maandishi kutogombea nafasi hizo kwa muda utakaowekwa.

Mwisho wa yote patakuwa na kura ya maoni, na kwa sheria iliyotungwa kwa ajili hiyo mwaka 2013 itahitaji kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wapiga kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar. Kitandililo nayo itapiga. Lakini wananchi wa vijiji kama hivyo wamekwisha kusema mara moja, mwaka 2012, na maneno yao yaliingia katika ripoti za Tume. Serikali yoyote itakayoishika kazi hii izifungue ripoti hizo, izisome hadharani kijiji kwa kijiji, na iwaulize watu kama bado ndivyo wanavyosema, kabla ya kuchapisha fomu mpya za kukusanya maoni mengine.