Kutafuta Mtoto na Umri Usiorudi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, jambo tunalotaka kulieleza leo ni jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, hali ya kuwa lavunja nyumba nyingi mchana kweupe. Nalo ni kukosa mtoto. Watu wawili wameoana kwa halali. Mwaka umepita, na wa pili umepita, na mimba haikuonekana. Hapo ndipo maneno yaanzapo. Mavyaa auliza, majirani waulizana, na kidole hunyoshewa mwanamke peke yake. Kisha huzungushwa huku na huku: kwa mpiga ramli, kwa mpunga pepo, kwa mwandika hirizi. Ikisha kupita miaka mitano au sita, ndipo akumbukwapo daktari. Naye akisha kuwapima huwaambia: mngalikuja mapema.

Neno hili "mapema" ndilo tulilokusudia.

Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili wa binadamu kanuni zake. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote ya uzazi. Siku ya kuzaliwa huwa nayo kiasi cha milioni 1 hadi 2, wala hapati mengine maisha yake yote. Akibaleghe humsalia kiasi cha 300,000 hadi 400,000, nayo huendelea kupungua mpaka hedhi ikatike, na kwa wengi huwa ni karibu na miaka 50. Wala si idadi tu ipunguayo, bali na uzima wa mayai yenyewe. Uwezo wa kushika mimba huanza kushuka kidogo kidogo baada ya miaka 32 hivi, na baada ya 37 hushuka kwa haraka. Mimba kuharibika huzidi. Na uwezekano wa kumzaa mtoto mwenye hali iitwayo Down, ambayo huchelewesha akili na ukuaji, huwa kiasi cha mtoto 1 katika 350 kwa mama wa miaka 35, na kiasi cha 1 katika 100 kwa mama wa miaka 40. Mtoto huyo naye ni amana ya Mwenyezi Mungu na ana haki ya kupendwa kama mwenziwe. Lakini ni wajibu wa wazazi kuyajua mambo haya kabla.

Wala mwanamume asijione amesalimika. Manii huendelea kufanyika hata uzeeni, lakini nguvu zake hupungua kwa umri, na mke wa mtu aliyepita miaka 40 huenda akachelewa kushika mimba. Tena, katika kiasi cha nusu ya watu wa ndoa wanaokosa mtoto, mume ana sehemu yake katika sababu. Kupimwa manii ni jambo la siku moja, nalo ni jepesi kuliko vipimo vyote afanyiwavyo mwanamke. Na hilo ndilo wanaume wetu walikimbialo! Mtu hukataa kupimwa, akamwacha mke wake kwa jina la tasa, akaoa wa pili na wa tatu, na wote wakawa vivyo hivyo. Twauliza: huyu atajibu nini siku ya Kiyama kwa wanawake aliowavunjia heshima na kuwapotezea umri?

Wako watakaotujibu wakisema: mtoto ni riziki, na riziki haina umri. Je, Nabii Zakariya (A.S.) hakuruzukiwa Yahya naye ni mzee na mkewe ni tasa? Na mke wa Nabii Ibrahim (A.S.) hakubashiriwa Is-haka naye ni kikongwe? Twasema: ni kweli, na mwenye kuyakanusha hayo amekanusha Kurani. Lakini tuzisome sura hizo kwa mazingatio. Zakariya mwenyewe aliuliza itakuwaje. Na bibi yule alistaajabu mpaka malaika wakamkumbusha amri ya Mola wake. Wao walistaajabu kwa nini? Ni kwa kuwa waliijua kanuni aliyoiweka Mwenyezi Mungu, wakajua kuwa waliyopewa ni muujiza uliotoka nje ya kanuni. Basi mwenye kuufanya muujiza kuwa ndiyo ada, akakaa akingoja, huyo hakuifahamu aya. Bibi Hajar alimtegemea Mola wake kikweli, na juu ya hivyo alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa akitafuta maji.

Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa habari ya tiba aliwaamrisha watu wajitibu, akawapa habari kwamba kila ugonjwa Mwenyezi Mungu ameuwekea dawa, ila mmoja, nao ni uzee. Tulizingatie neno hili. Ugonjwa una dawa. Mwaka uliopita hauna. Mwanamke wa miaka 33 akizungushwa kwa waganga mpaka akafika 39, lililompotea kubwa si fedha alizotozwa wala kuku aliochinjiwa. Lililompotea ni ile miaka sita yenyewe, ambayo mganga hawezi kuirejesha wala daktari hawezi kuiuza. Dua hatuikatazi, kwani Zakariya alipata kwa dua. Tulikatazalo ni ushirikina na uvivu uliovikwa kanzu ya tawakali.

Basi kipimo ni hiki. Mwanamke aliye chini ya miaka 35, ukipita mwaka mmoja wa kutafuta mtoto bila ya kupata, waende kwa daktari wote wawili, mume na mke. Aliyefika miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6. Aliyepita miaka 40, waende tangu mwanzo. Na mwenye hedhi isiyotengemaa, au aliyepata kuugua maradhi ya nyumba ya uzazi, asingoje kabisa. Kwani katika nchi zetu za Afrika sababu kubwa ni mirija iliyozibika kwa maradhi ya kuambukizwa yasiyotibiwa kwa wakati. Na mwenye kutaka kushika mimba atumie vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, tangu mwezi mmoja kabla. Apimwe sukari na presha. Na mwenye kuvuta tumbaku aiache, mume na mke.

Katika tiba za leo iko ile ya kukutanisha yai na manii nje ya mwili, kisha kutiwa katika tumbo la uzazi. Mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na hapa Kenya ilifanikiwa Nairobi mwaka 2006. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lililokutana Amman mwaka 1986 lilizitazama njia saba. Likaharimisha tano, ambazo zaingiza yai, manii au tumbo la mtu wa tatu, hata akiwa ni mke mwenza; likaruhusu mbili panapo haja, ambazo ni za mume na mke peke yao.

Hapa pana jambo wengi hawalijui. Tiba hii hailifanyi yai la mtu mzima kuwa la kijana. Katika hesabu za Uingereza, wanawake walio chini ya miaka 35 hufanikiwa kuzaa kiasi cha thuluthi moja kwa kila mara wanapotiwa mimba hiyo. Na wa miaka 43 na 44, kwa mayai yao wenyewe, ni kiasi cha 5 katika 100. Wale tunaosikia wamezaa katika miaka 50, wengi wao wametumia mayai ya wanawake wengine. Mlango huo kwetu sisi umefungwa, kwa ajili ya kulinda nasaba. Basi Muislamu ana haja ya kuuchunga wakati kuliko mtu mwingine yeyote, kwani mwenzake akichelewa ana njia nyingine, na yeye hana. Na gharama yake ni laki kadhaa za shilingi.

Asije mtu akatusingizia kuwa twataka watoto wa kike waozwe wadogo au watolewe shuleni. La hasha! Sheria ya Kenya yataka miaka 18, na mwili wa mtoto huumia kwa uzazi. Tunaowalaumu ni wazee wanaoifanya ndoa kuwa mnada wa dhahabu na harusi za siku saba, hata kijana akafika miaka 35 akingali anakusanya fedha. Na waliooana wakitaka kuchelewesha uzazi, masahaba walifanya azli na Mtume (S.A.W.) yuko hai. Lakini wapange kwa kuhesabu: twataka watoto wangapi, na bibi atakuwa na miaka mingapi?

Na aliyejitahidi kisha asipate, ajue kuwa Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratu Shura kwamba hugawa wana wa kike na wa kiume atakavyo, na amtakaye humfanya asizae. Bibi Aisha, Mama wa Waumini, hakuzaa. Aliitwa Umm Abdillah kwa mtoto wa dada yake, na elimu nyingi ya nyumba ya Mtume tumeipata kwake. Ni nani awezaye kusema kuwa maisha yake yalikuwa na upungufu?

Basi enyi waume, tangulieni nyinyi kupimwa. Enyi mavyaa, zuieni ndimi zenu. Na nyote mnaotafuta, msiukabidhi umri wenu kwa mpiga ramli.

Wabillahi tawfiki.