Joho Moja na Vitabu

Somo: 2 Timotheo 4:9–13 na 21



Nawaomba kwanza mfungue Kitabu wenyewe, mkalisome somo letu polepole kabla ya kuendelea na ukurasa huu. Ni maneno machache, tena wengi wetu huyapita upesi, maana yaonekana kuwa habari za safari na mizigo tu. Lakini mtu akitaka kumjua mzee kwa kweli, na amtazame siku anapofungasha mizigo yake ya mwisho. Hapo ndipo atajua mzee yule alihesabu nini kuwa cha lazima, na nini alikiacha bila kugeuka nyuma.

Mtume Paulo yumo kifungoni Rumi, naye ajua ya kuwa siku za kuondoka kwake zimekaribia. Dema amemwacha. Kreske na Tito wamekwenda nchi za mbali, Tikiko ametumwa Efeso, na Luka peke yake ndiye aliyebaki naye. Tena majira ya baridi yaja. Ndipo amwandikia Timotheo, mwanawe katika imani, na kumwomba mambo matatu: aje upesi, naye amlete Marko pamoja naye, alete lile joho lililoachwa Troa nyumbani kwa Karpo, alete na vitabu, hasa vile vya ngozi. Basi, hayo ndiyo yote. Mtu aliyepita bara na bahari, aliyepanda sharika katika miji mingi, mwisho wa kazi yake mali yake yote yatosha kuchukuliwa na msafiri mmoja begani.

Na tuyatazame hayo moja moja.

Kwanza, joho. Paulo haoni haya kusema ya kuwa asikia baridi. Hajifanyi malaika asiye na mwili. Mungu aliyeiumba roho ndiye aliyeuumba na mwili, wala si dhambi kuutunza. Martin Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, alihesabu nguo na viatu pamoja na chakula, kuwa vyote ni riziki tunayomwomba Baba. Sisi tulifundishwa maelezo hayo tukiwa watoto, tukayakariri kwa moyo. Kwa hiyo asiwepo mwalimu wa kuwaambia watu ya kwamba kutetemeka kwa baridi ni utakatifu.

Lakini angalieni neno hili: Paulo haombi joho jipya. Aomba lile lake. Ajua liko mji gani, na nyumbani kwa nani. Mwenye joho moja hulijua vema, wala halisahau. Mwenye mengi hawezi hata kusema yako wapi. Mengine yameliwa na nondo, na mengine hayajavaliwa tangu siku yaliponunuliwa.

Pili, vitabu. Hapa twaweza kustaajabu. Huyu ndiye aliyemwona Bwana njiani kwenda Dameski, ndiye aliyeandika barua tunazozisoma hata leo, naye bado ataka kusoma! Hakusema, “Mimi nimekwisha kujua.” Kifo ki mlangoni, na mwanafunzi hajaondoka shuleni. Basi na tujiulize sisi tuliopata kipaimara miaka ishirini iliyopita, tukadhani ya kuwa siku ile tumemaliza kusoma.

Jambo kama hilo lilitokea tena miaka mingi baadaye. William Tyndale, Mwingereza, alilifasiri Agano Jipya kutoka Kiyunani kwa lugha ya watu wake, likapigwa chapa katika mji wa Worms, Ujerumani, mwaka 1526. Mwaka 1535 alisalitiwa na kukamatwa Antwerp, akatiwa katika ngome ya Vilvoorde, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji. Baridi ilipoingia aliandika barua kwa Kilatini kwa mkuu wa mahali pale, nayo barua hiyo imehifadhiwa hata sasa. Aliomba aletewe baadhi ya vitu vyake mwenyewe vilivyokuwa vimeshikwa: kofia yenye joto, maana kichwa chamsumbua kwa mafua, vazi la juu lililo zito kuliko lile alilo nalo, na kipande cha nguo cha kutilia viraka mavazi ya miguu yake. Akaomba na taa jioni, maana kukaa peke yake gizani kwachosha. Na zaidi ya yote akaomba Biblia yake ya Kiebrania, na vitabu vya sarufi na maana za maneno ya lugha hiyo, apate kuendelea na kazi yake. Mwaka uliofuata, 1536, alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto.

Wapendwa, mwaona jinsi watu hawa wawili walivyofanana, ingawa kati yao yalipita miaka karibu elfu moja na mia tano? Kitu cha kuufunika mwili, kitu cha kuilisha akili na roho, na katikati taa moja. Wala Tyndale hakuona aibu kuomba kiraka.

Sasa na tugeuze macho tutazame nyumba zetu. Naandika kwa huzuni, wala simtaji mtu. Katika sharika nyingi siku ya kipaimara imegeuka kuwa siku ya mashindano. Mtoto amefundishwa mafungu yote ya Katekisimo, naye yu tayari kukiri imani yake mbele ya usharika. Lakini nyumbani swali ni moja: nguo nyeupe ni ya namna gani, viatu vimetoka wapi, na wageni watakula nini? Baba hukopa. Mbuzi aliyekuwa akiba ya ada ya shule huuzwa. Sherehe huisha jioni moja, na deni hukaa mwaka mzima, likilala na watu hao na kuamka nao. Wako hata watoto waliokwisha kufundishwa, nao hujificha siku ile kwa kuwa wazazi wao hawakupata viatu. Je, nani amemfungia mtoto huyo mlango wa Meza ya Bwana? Si Bwana. Ni sisi, kwa macho yetu yanayopima watu kuanzia miguuni. Someni Yakobo 2:1–4, mwone kama hatukuonywa.

Na katika nyumba ile ile iliyokopa kwa ajili ya nguo, Biblia imo kabatini chini ya vitambaa. Ukiuliza kwa nini haisomwi, utajibiwa, “Mchungaji, nafasi hakuna.” Lakini simu yapata nafasi asubuhi na usiku.

Napenda kuwaonyesha shule ndogo iliyo karibu nasi, nayo ni kazi ya kufuma. Katika milima ya Usambara na Kilimanjaro, na kule Njombe na Makete, mwezi wa Juni na Julai baridi hushuka kweli kweli, nao akina mama wengi hufuma sweta za watoto. Sisemi kwamba kila mtu afume. Pengine nguo ya mtumba sokoni ni rahisi kuliko uzi wa sufu. Lakini aliyefuma hata sweta moja amejifunza mambo ambayo mnunuzi hayajui.

Amejifunza ya kuwa nguo ni kazi. Ana sindano mbili na kidonge cha uzi. Kila kitanzi hushikwa na kile kilichotangulia, naye hawezi kuruka hata kimoja. Kitanzi kikiponyoka asikione, vilivyo chini yake huanza kufumuka, hata tundu likaonekana kifuani. Jioni ya kwanza ataona upana wa vidole viwili tu. Mtu aliyepita njia hiyo hatupi nguo ovyo, wala hamdharau mtoto aliyevaa sweta yenye kiraka, maana ajua saa ngapi zimo ndani yake.

Tena amejifunza ya kuwa kilichochakaa si lazima kitupwe. Sweta ya baba ikiisha viwikoni, mama huifumua, akauosha uzi, akaunyosha, akafuma ya mtoto. Ndivyo Mungu afanyavyo na watu pia. Kumbukeni Marko. Huyu ndiye aliyewaacha wenzake njiani, hata Paulo na Barnaba wakagombana kwa ajili yake na kuachana, kama isemavyo Matendo 15:37–39. Na sasa Paulo mfungwa amwita huyo huyo, akisema kwamba amfaa kwa utumishi. Uzi ulikuwa mzima. Ulitaka kufumwa upya. Labda yuko ndugu yako uliyemtupa kama nguo kuukuu.

Na kusoma kwenda vivyo hivyo, kitanzi kwa kitanzi. Mtu akitaka kuimaliza Biblia kwa juma moja atachoka siku ya pili. Injili ya Marko ina sura 16. Nyumba isomayo sura moja kila jioni itaimaliza kwa siku 16. Agano Jipya lote lina sura 260. Kwa mwendo huo huo litakwisha kabla ya miezi tisa, yaani muda wa mama kumchukua mtoto tumboni. Nani asiyeweza hayo?

Tena kazi hizi mbili zapatana sana. Mikono ifumayo haina nafasi, bali masikio yanayo. Mmoja na asome kwa sauti, mwingine afume au achambue maharage, na bibi asiyeona vizuri asikilize. Kijana aliye shuleni ndiye awe msomaji. Atajifunza kusoma vema, na wazee watalishwa. Taa moja yawatosha wote, na simu na ilale kikapuni kwa saa hiyo moja.

Huenda mtu akaniuliza, “Je, Bwana hakusema juu ya maua ya kondeni yasiyosokota nyuzi? Basi mbona watusifia kazi ya uzi?” Ni kweli, someni Mathayo 6:28–30. Lakini Bwana alikataza wasiwasi, hakukataza kazi. Paulo mwenyewe alishona mahema. Mwenye wasiwasi hukopa ili aonekane. Mwenye kazi hufuma ili mtu apate joto. Mikono ya wote wawili yashughulika, lakini mioyo yao haifanani.

Mwingine atasema, “Mchungaji, maneno haya ni ya matajiri. Mimi sina hata cha kupunguza.” Ndugu yangu, umesema kweli, nami sitakuwekea mzigo. Umaskini si fadhila, wala simwambii mjane ambaye mtoto wake hana blanketi ajifunze kuridhika. Dorkasi wa Yafa hakufanya hivyo. Aliwashonea wajane kanzu na mavazi, na alipokufa walimwonyesha Petro nguo zile huku wakilia, Matendo 9:39. Maisha ya kiasi ni amri kwa yule aliye na kanzu mbili, ili asiye nayo apate moja. Kiasi kisichomfikia jirani ni ubahili tu, hata kama kimevaa nguo za dini.

Basi nawasihi mambo matatu, nayo si magumu. Ninyi wazazi mnaongoja kipaimara cha mwaka huu, msikope kwa ajili ya nguo wala karamu. Mpeni mtoto Biblia yake mwenyewe. Ataivaa mpaka uzeeni, wala haitambana. Ninyi wazee wa kanisa, kaeni pamoja mapema, mkapange nguo zilizotumika mwaka jana zikusanywe, zifuliwe na kutengenezwa, wapewe watoto wote bila kubagua, yule wa mwenye duka na yule wa kibarua, asiwepo hata mmoja wa kujificha siku ile. Na ninyi walimu na wainjilisti, msiwafundishe watu kusoma huku taa zenu wenyewe zimezimwa. Mtume alitaka vitabu vyake mpaka mwisho.

Siku moja sisi nasi tutafungasha. Makabati hayatapita katika mlango ule. Lakini yeye aliyevuliwa nguo zake msalabani, kanzu yake isiyo na mshono ikapigiwa kura na askari, ametuwekea vazi ambalo hatukulifuma, nalo ni haki yake mwenyewe. Aliyevikwa hilo hana haja ya kushindana na jirani kanisani.

Yeye Bwana awape mwili wenu joto la kuutosha, awape roho zenu Neno la kuzishibisha, na awape rafiki wa kuwafikia kabla ya baridi. Amina.