Fundi Aliyekifunga Tena

Blowa, ile mashine ya petroli ya kupulizia majani, ina ugonjwa unaoudhi kuliko kukataa kuwaka kabisa. Unavuta kamba, inawaka, inanguruma vizuri, unaingia kazini, na baada ya dakika nne au tano inazima. Ukiiacha ipumzike inawaka tena, kisha inazima tena. Yangu ilinifanyia hivyo wiki tatu, na ndani ya wiki hizo tatu nilimdhulumu mtu. Ndiyo sababu ninaandika.

Kazi yangu ni kusafisha nyua kando ya barabara ya Moi South Lake, kwenye nyumba za wageni na kambi zilizo karibu na Karagita, Naivasha. Wanaopita na magari huisifu migunga ya ziwani, ile yenye magome ya manjano, na kweli inapendeza. Anayefagia chini yake anaijua vingine. Majani yake ni madogo kama punje za mchele, reki inayapita, na yakilala kwenye nyasi ambazo viboko wamezila na kuzikanyaga usiku, ufagio hauyatoi. Juu yake kuna vumbi letu la Naivasha, jepesi kama unga, masalia ya majivu ya volkano za bonde hili. Kwa hiyo nilinunua blowa ya mtumba iliyotoka Mombasa, yenye injini ndogo ya aina ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli.

Kuchanganya ni kazi ya kijana ninayefanya naye kazi. Mashine yangu inataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani lita 5 kwa mililita 100. Yeye hupimia chupa ya kunyonyeshea mtoto, kwa kuwa ina alama pembeni, na huiinua mpaka usawa wa macho kabla ya kumimina.

Mashine ilipoanza kuzima nilimwambia amezidisha oili. Akasema, "Hapana mama, nimepima." Nikamwambia basi amepima vibaya. Wiki ya pili mteja mmoja alikataa kulipa pesa zote kwa sababu kazi ilibaki nusu, nami nikamkata kijana shilingi 200 katika ujira wake wa siku. Hakubishana. Alikunja zile zilizobaki, akazitia mfukoni, akaenda zake. Nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ni kukiri.

Nilikuwa pia nimeipeleka mashine kwa fundi mmoja mjini. Alibadilisha plagi, akaosha kabureta, akaweka chujio jipya la hewa na paipu mpya ya mafuta, yote asubuhi moja. Ikanguruma mbele yangu dakika mbili, nikalipa, nikarudi nikiwa na furaha. Kesho yake ikazima palepale. Nikaamua kwamba basi ni petroli. Kuna mtu anayeuza petroli kwa chupa karibu na wanapoegesha bodaboda, nami nikawaambia majirani kwamba anaitia mafuta ya taa. Shutuma kama hiyo haikosi wa kuiamini. Mchezo huo ulienea nchini hadi Septemba 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usiwe na faida. Maneno yangu yalipata masikio upesi. Sasa nilikuwa na washtakiwa wawili, na sikuwa na ushahidi juu ya yeyote kati yao.

Hatimaye nikaenda kwa fundi mwingine, hapa hapa Karagita, kwenye njia ya kuteremkia ziwani. Kibandani kwake kuna pampu za maji, jenereta, na injini za mashua za wavuvi zimening'inizwa kwenye mbao. Nilitarajia achukue spana. Hakuichukua. Alivuta kistuli, akaketi, akaniuliza: "Mama, inakufa vipi? Inakatika kama taa, au inaishiwa pumzi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilijua tu kwamba inakufa. Nikafikiri, nikasema inaishiwa pumzi: sauti inapanda kidogo, inayumba, inafifia.

"Ingekatika ghafla ningeanza na moto," akasema. "Kuna koili ambazo zikipata joto zinaacha kutoa cheche, zikipoa zinarudi. Yako inalia njaa."

Akaniuliza imetoka wapi. Nikasema Mombasa. Akatikisa kichwa, akasema hilo nalo lina maana, kwa kuwa kule ni usawa wa bahari na hewa ni nzito, na hapa ziwani tuko karibu mita 1,900 juu. Kabureta iliyorekebishwa kule ikiletwa huku hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Akafungua plagi ili aone kama ndivyo. Ilikuwa kavu, rangi ya mchanga, imepauka kidogo. Akanionyesha kwa ncha ya kidole. Petroli ingekuwa nyingi, au oili ingezidishwa, plagi ingekuwa nyeusi na imelowa. Kisha akafungua egzosti, akachungulia pistoni kupitia tundu lake kwa tochi ya simu. Oili ingepunguzwa, pistoni ingekuwa na mikwaruzo. Haikuwa nayo.

"Anayechanganya anachanganya sawa," akasema, akairudishia egzosti.

Alisema hivyo kama mtu anayesoma mita ya maji. Hakujua kwamba ametoa hukumu ya kesi niliyokuwa nimekwisha kuimaliza mimi peke yangu, na faini nikaitoza. Nilitazama pembeni, kwenye injini za mashua.

Kisha akaiwasha na kuiacha ingurume, mkono mmoja juu ya kifuniko cha tangi. Dakika zikapita. Sauti ilipoanza kupanda na kuyumba, akakilegeza kifuniko. Nilisikia hewa ikiingia kwa mvumo mfupi, kama mtu aliyezuia pumzi kisha akaiachia. Injini ikasita, ikashika, ikarudi kunguruma kama mwanzo.

Mimi nilikwisha kutoa pochi. Yeye akakikaza kifuniko tena.

Nikamuuliza kwa nini anakifunga na amekwisha kuona. Akajibu bila kuinua macho: "Nikifungua ikapona, huenda ni bahati. Nikifunga ikafa tena, hapo ndipo nitajua." Tukaketi tukaisubiri ife. Ikafa. Akafungua, ikawaka. Akafunga mara ya pili, ikafa tena baada ya muda uleule. Ndipo akazima kila kitu na kukitoa kifuniko.

Kila mwenye duka anayepima mafuta ya kupikia kutoka kwenye debe analijua jambo hili, ingawa hajawahi kuliita jina. Debe hutobolewa matundu mawili. Moja la mafuta kutoka, moja la hewa kuingia. Ukitoboa moja, mafuta hutoka kwa kukatakata kisha hukataa. Tangi la blowa nalo ni hivyo: kadiri petroli inavyopungua, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na njia yake ni kiulimi kidogo cha mpira ndani ya kifuniko. Vumbi letu lilikuwa limeshikamana na oili hapo likawa kama ugoro. Hewa haiingii, tangi linajivuta lenyewe kwa ndani, na kabureta inanyonya bila kupata. Ukiiacha imepumzika nusu saa, hewa inapenya kidogo kidogo, nayo inawaka kana kwamba haikuwahi kuumwa. Alikiosha kifuniko kwa petroli, akakipuliza, akaniomba shilingi 100.

Nimefikiri sana juu ya kile kitendo cha kukifunga tena. Mtu ameipata dawa, mgonjwa ameinuka, mwenye mali amesimama na pesa mkononi, naye anaurudisha ugonjwa kwa hiari yake. Kinahitaji moyo. Wengi wetu tukishaona jambo limekwenda tunaondoka haraka, kwa kuogopa kwamba tukikaa litaharibika. Tunataka kumaliza. Yule alitaka kujua, na alikuwa tayari kuonekana hajui kwa dakika kumi zaidi.

Wala simlaumu fundi wa kwanza kwamba alikuwa mwizi. Alishughulikia vitu vinne kwa pamoja akitumaini kimojawapo ndicho. Lakini tuseme siku ile, katika kuishikashika mashine, kile kiulimi kingeachia chenyewe. Yeye angetembea miaka akisema kabureta chafu ndiyo huzima blowa, nami ningemsifu kwa watu, na maarifa yale yangerithishwa kwa wanafunzi wake. Naogopa kuhesabu ni mangapi ninayoyajua ambayo niliyapata kwa njia hiyo. Nililea watoto wangu wakati ambapo homa ya mtoto ilikuwa malaria kwa sababu sisi tumesema ni malaria. Tulimpa dawa hii na ile kwa siku moja, na akipona tukaisifu ile tuliyoipenda. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Naliona pendekezo hilo na kifuniko kile kuwa ndugu.

Kuna mambo ambayo hayafungiki tena. Mwaka 2009 ziwa letu hili la Naivasha lilirudi nyuma sana, watu wakaizoea ardhi iliyoachwa wazi. Mwaka 2020 maji yalipanda, yakaingia katika nyumba za watu kule Kihoto. Kwa kupungua na kwa kujaa, katika kila kibaraza nimesikia mshtakiwa: mashamba ya maua, mvua, miti iliyokatwa juu huko Nyandarua yanakotoka maji ya mto Malewa, wengine dhambi zetu. Huenda baadhi ya sababu hizo zina ukweli, na wapo wataalamu wanaopima kwa uvumilivu. Ila ziwa halina kifuniko. Huwezi kulirudisha lilivyokuwa na kuondoa jambo moja tu ili uone. Zamani ningesema kwamba palipo hivyo kila mtu na aamini lake. Sasa naona hapo ndipo ulimi unapaswa kwenda polepole zaidi, kwa sababu kila jina unalolitaja kibarazani lina mtu ndani yake.

Muuza petroli nilimwendea jioni ileile. Nilinunua chupa mbili, nikamwambia mbele ya vijana wa bodaboda kwamba nilimsingizia na kwamba petroli yake haikuwa na kosa. Aliniangalia kwa muda. Akasema, "Sawa mama," akaendelea kufunga chupa zake. Wale majirani niliowaambia mwanzoni nimewarudia wawili. Wa tatu amehama, amekwenda na habari yangu ya uongo, na sijui ameifikisha wapi.

Kijana nilimsubiri asubuhi, kabla ya mabasi ya wafanyakazi wa maua kujaa barabarani. Nilimpa shilingi 200 zake na kumweleza habari ya kifuniko, ya plagi, na maneno ya fundi kama yalivyotamkwa. Aliniuliza swali moja tu: fundi alijuaje kwamba oili ilikuwa sawa? Nikampa ile plagi kuukuu iliyotolewa mjini, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akaitia mfukoni.

Kisha akaitoa chupa ya mtoto. Nilimshikia dumu la lita 5 huku akiinua chupa usawa wa macho, akingoja oili itulie kwenye alama ya 100.