Ruhusa ya Serikali na Haki ya Jirani

Chai ya Kericho na Bomet hushuka mpaka kwetu Mombasa ikauzwa mnadani, nasi twaijua ikiwa katika mifuko na katika vikombe. Huko itokako, nyuma ya mashamba makubwa ya makampuni, kuna maelfu ya watu wenye vishamba vidogo wapelekao majani yao katika viwanda vya KTDA, na vishamba hivyo hupungua kila baba agawapo baina ya wanawe. Hapo huzuka ugomvi wa mipaka, nao wafanana sana na ugomvi wetu wa viwanja na kuta.

Tuseme mtu wa Bureti ana kishamba chake, na mwanawe ataka kuoa. Amjengee wapi? Sheria yamtaka aache masafa maalumu baina ya jengo na mpaka, na akiyaacha itambidi ang'oe chai yake. Basi huona njia mbili. Ya kwanza ni kuiomba serikali ya kaunti, kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, impunguzie masafa hayo. Ya pili ni kutaka mpaka wenyewe usogezwe upande wa jirani. Hii ya pili yahitaji kibali cha bodi ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967, kisha mpimaji, kisha Msajili wa Ardhi. Wako wasemao kuwa ni rahisi kuliko kuisogeza nyumba.

Wala mtu asidhani kuwa mita moja ni kitu kidogo. Chai hupandwa aghalabu mita 1.22 baina ya safu na safu, na mita 0.76 baina ya mche na mche. Mpaka wenye urefu wa mita 100 ukisogezwa kwa mita moja tu, miche zaidi ya 100 imehama kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na mche wa chai huchumwa miaka mingi kuliko umri wa aliyeupanda.

Sasa swali letu ni hili: mtu akishapewa ruhusa kwa hati yenye muhuri, je, amehalalikiwa? Wengi hujibu upesi kuwa Serikali imekubali, basi yamekwisha. Sisi twaona kuwa mambo mawili yamechanganywa. Ruhusa humwondolea mtu adhabu ya Serikali, kwani masafa yale Serikali ndiyo iliyoyaweka, nayo yaweza kuyapunguza. Ama haki ya jirani, Serikali haikuiumba, wala haiwezi kuisamehe kwa niaba yake. Mtume (S.A.W.) alikwishatubainishia kuwa yeye huhukumu kwa yale ayasikiayo, na kwamba aliyekatiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi wake amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu yake yeye haikugeuza haramu kuwa halali, karani wa ofisi ya ardhi ataigeuzaje?

Na jambo hili ni zito zaidi bara, kwa sababu ambayo wengi hawaijui. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mpaka usiopimwa kwa makusudi ya kuuthibitisha huonyeshwa katika ramani kwa kukisia tu. Mstari wenyewe uko katika ua, katika mfereji, katika safu ya miti, na katika kumbukumbu za wazee. Sheria hiyo imemfanya mwenye kuziharibu alama hizo kuwa mkosa, na imeizuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka kabla Msajili hajaukata. Lakini Msajili naye akifika shambani hana budi kuwauliza majirani. Basi mpaka umesimama juu ya ukweli wa watu, na shahidi mmoja wa uongo aweza kula shamba bila ya kushika jembe.

Nchi hiyo ya Kericho ina habari yake katika haya. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikata ekari 25,000 katika ardhi ya Wakipsigis wakawapa maafisa wao waliolemaa vitani, walime kitani. Kitani kikaanguka bei, mpango ukafa, na ardhi haikurudi kwa wenyewe, bali iliingia katika mikono ya makampuni ya chai. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Yote hayo yalikuwa na karatasi zake, ramani zake na sahihi zake. Kilichokosekana ni ridhaa ya aliyechukuliwa. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilipendekeza mashamba yale ya chai yapimwe upya, ijulikane kama kuna ardhi iliyozidi hati. Karne nzima ilikuwa imepita, na karatasi zile zilikuwa bado hazijawanyamazisha watu.

Lakini haifai kumpa jirani haki ya kukataa kwa inda. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kuwa Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama, naye akakataa hali ya kuwa hapati dhara, bali atanufaika. Sayyidna Umar alimlazimisha. Imam Shafi, katika kauli yake ya baadaye, hakuona kuwa jirani hulazimishwa hata kuuacha ukuta wake utiwe boriti ya mwenziwe. Na sisi watu wa pwani twaifuata madhehebu yake. Hata hivyo twaona kuwa atakiwaye jambo lisilomdhuru, akakataa ili mwenziwe ataabike, amefanya ubaya ingawa hakimu hamgusi. Kupunguza masafa ya nyumba huenda kukawa katika fungu hili, ikiwa maji ya paa hayamwagikii kwa jirani wala mwanga haumzibikii. Kusogeza mpaka hakumo. Huko ni kutoa mali.

Kwa hiyo mtu wetu wa Bureti na aanzie kwa jirani kabla ya kwenda ofisini, wala asifuatane na chifu wala wazee kumi, kwani kitolewacho kwa haya ni sawa na kilichonyang'anywa. Jirani akikubali kuuza, bei itajwe na iandikwe, na mkewe aulizwe pia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yataka ridhaa ya wote wawili. Akikataa, kijana ajengewe ndani ya shamba la babake, na safu mbili tatu za chai zing'olewe.