Presha Haingoji Kichwa Kiume

Mzee wa kisa hiki alikuwa na karasha nje kidogo ya mji wa Chato, likisaga mawe ya wachimbaji wadogo kutwa nzima. Simtaji jina, maana wa aina yake wamejaa ukanda wote wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Kahama: mtu wa kazi, mwenye mwili, asiyekumbuka mara ya mwisho kulazwa. Siku alipompeleka mjukuu kliniki, muuguzi akampima na yeye. Presha ikasoma 190 kwa 110. Akapewa vidonge na kuelezwa kwamba ni vya kila siku. Mwezi ulipokwisha alijiona mzima, akaviacha. Mkewe alipomkumbusha, akajibu, "Mama watoto, nimeze dawa ya nini, na kichwa hakiniumi?"

Presha ya kupanda mara nyingi haiumi popote. Inakula kuta za mishipa ya ubongo mwaka baada ya mwaka, mpaka mshipa uzibe au upasuke; hicho ndicho kiharusi.

Alfajiri moja mdomo ulimwenda upande, kikombe cha chai kikamponyoka mkono wa kulia, maneno yakatoka kama ya mlevi. Ndugu wakajaa. Huyu akasema ni jini, yule akamtaja jirani waliyegombana naye kwa ajili ya marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa. Wakamnywesha uji, ukampalia. Wakampeleka kwa mganga, akachanjwa chale na kufukizwa. Hospitali alifika kesho yake jioni.

Asiharakishe mtu kusema hayo ni mambo ya mikoani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Wa Dar ndio waliotaja zaidi majini na uchawi kuwa chanzo cha kiharusi. Wa Hai walizungumzia presha, vyakula vya mafuta na mawazo.

Saa zile zilizopotea zina hesabu. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT scan kuonyesha kwamba damu haijavuja ndani ya ubongo.

Na dawa ya kuzikinga seli zenyewe zisife? Imetafutwa kwa bidii kubwa. Mwaka huohuo wa 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 zilizowahi kujaribiwa kwa ajili ya kiharusi, nyingi zikiishia kwa wanyama wa maabara. Moja, NXY-059, ilitia moyo katika jaribio la kwanza kubwa kwa binadamu. Jaribio la pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuona faida yoyote. Nawaheshimu wanaoendelea kutafuta. Lakini inaniuma kuona ulimwengu ukihangaikia dawa hiyo huku vidonge vya presha vikikaa kabatini mpaka muda wake unapita.

Utafiti wa INTERSTROKE, uliofanyika katika nchi 32, Uganda ikiwemo, ulionyesha mwaka 2016 kwamba takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi inatokana na mambo kumi yanayoweza kurekebishwa, na presha ndiyo inayoongoza. Hapa kwetu, timu ya Richard Walker iliripoti mwaka 2010 kwamba kiharusi Dar es Salaam kilizidi viwango vya tafiti nyingi za nchi tajiri. Presha hiyohiyo huchakaza pia kumbukumbu: jaribio la Marekani la mwaka 2019 lilionyesha kwamba walioishusha zaidi walipungukiwa na hatari ya akili kuanza kudhoofika.

Mzee yu hai. Anatembea kwa mkongojo, karasha analiendesha kijana wake, na vidonge anameza kila siku ili kiharusi cha pili kisimpige. Kwa mwenye mgonjwa nyumbani: mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, shika saa dalili zilipoanza, usimpe uji, maji wala aspirini, mlaze kwa ubavu akizidiwa na usingizi, na safari ya kwanza iwe ya hospitali.